Tulipika juisi ya watu 140, wakaja 11. Waliowahi kujitolea vyuoni naombeni ushauri

Mwana_Kyela

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimetoka kuosha ndoo tatu za juisi na vidole vyangu bado vyekundu kwa ubuyu.

Nipo mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma Jiografia. Mwaka jana nilishuka stendi ya mabasi ya Mbezi saa nane usiku nikitokea Kyela, nina begi moja na kiroba cha mchele ambacho mama aligoma nisikiache. Hosteli nilikosa, nikapata chumba Changanyikeni, elfu hamsini kwa mwezi, kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Kwetu ukipita njiani bila kusalimia, habari zinafika nyumbani kabla yako. Changanyikeni nilikaa siku tisa hakuna mtu aliyenitaja jina. Nilizihesabu. Unaenda Yombo, kule kwenye kumbi za mihadhara, ukumbi umefurika, mwalimu yuko mbali anaongea kwenye spika, unaandika, unatoka, unarudi geto, unapika wali wa mama, unakula huku unatazama ukuta. Simu ikiita, ni kampuni ya simu inakukumbusha deni la vocha.

Siku ya kumi nikakaa kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza ugali samaki. Aliposikia ninavyotamka akaniuliza, "Ughonile?", salamu yetu ya Kinyakyusa. Ilibidi niinamie sahani, wakuu. Kumbe ni mtu wa Tukuyu. Ana meza mbili na benchi moja, na tangu siku ile nilikuwa nakula kwake hata siku ambazo sina njaa.

Mwaka huu mimi na wenzangu wanne tukasema wadogo zetu wasipite kule. Hatugombei uongozi DARUSO, serikali ya wanafunzi, hatuna mhuri, hata jina la kikundi hatuna. Tulichanga elfu ishirini ishirini, mwalimu mmoja akatuongezea hamsini, ikawa laki moja na nusu. Tukatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza: Ijumaa saa 12 jioni, juisi ya bure, mje tufahamiane. Dole gumba 140! Wengine wakaweka na mioyo. Tukakodi spika na maikrofoni kwa elfu arobaini, tukapanga viti kwa mistari, mwenzetu mwenye mdomo mwepesi tukampa u-MC. Juisi lita 45.

Walikuja 11. Ukitutoa sisi watano, wageni ni 6.

MC hakukata tamaa. Akaanza kuita mmoja mmoja apite mbele ajitambulishe: jina, mkoa, kozi, "na jambo moja ambalo watu hawalijui kukuhusu". Dada mmoja akapita mbele, akataja jina, akasema Simiyu, halafu akanyamaza. Kimya kile bado kiko masikioni mwangu. Alirudi kwenye kiti, dakika tano baadaye akatoka "kupokea simu". Kikombe chake tulikikuta kimejaa.

Kinachoniuma na kunichekesha kwa pamoja ni kwamba juisi iliyobaki tuliwapelekea bodaboda wa kijiweni. Jamaa wakanywa, wakatuuliza tunasoma nini na tukimaliza tutakuwa nani, tukabishana Simba na Yanga, tukaondoka saa nne. Mmoja wao ananiita kwa jina mpaka leo. Yaani hafla ya kuwaunganisha wanafunzi iliwaunganisha bodaboda.

Sasa tumebakiwa na elfu hamsini na tatu. Turudie vilevile tutangaze zaidi, au kuna mahali tumekosea? Najua watu wapo. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mwaka wa kwanza. Namsikia akikohoa, namsikia akipika, sijawahi kumsikia akiongea na mtu. Mtu wa namna hiyo unamfikiaje bila yeye kujiona ni mgonjwa uliyekuja kumhurumia?

Msinijibu "soma kwanza". GPA yangu inapumua vizuri.

Kichwa_Ngumu

Soma kwanza.

Natania mkuu. Ila kweli hao ni watu wazima, chuo siyo chekechea. Anayetaka marafiki atawatafuta. Subiri bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, liingie uone kama kuna mpweke hapo Mlimani.

Mwana_Kyela

Nilijua tu lazima atokee mmoja. Mkuu, kuna wasiopata bumu kabisa. Na hata anayepata, elfu kumi kwa siku ikishatoa nauli na kopi za notsi, hiyo ya kununulia marafiki soda inatoka mfuko upi?

Mzee_wa_Foleni

Kijana wangu, niliingia Mlimani 1989. Ngoja nikupe historia kidogo, kisha nitakujibu.

Sisi hatukuwa watu wema kuliko ninyi. Tulipangiwa tu maisha yasiyotuacha peke yetu. Kwanza, wakati ule huingii chuo kikuu kabla hujapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo unafika Mlimani na tayari kuna watu mmelima wote kambi ya Makutupora, Mafinga au Ruvu. Rafiki yangu mkubwa hadi leo, ambaye watoto wangu wanamwita baba mdogo, nilijuana naye kwa sababu tulipewa jembe moja lenye mpini unaochomoka, mmoja akilima mwingine anatafuta jiwe la kupigilia. Hakuna aliyetuambia tufahamiane. Utaratibu ule ulisitishwa 1994, na uliporudi baadaye si kila kijana aliyemaliza kidato cha sita alipata nafasi.

Pili, kafeteria. Serikali ilikuwa inatulisha, na chakula kilikuwa na saa yake. Wote mko kwenye foleni moja, sahani mkononi. Mtu akikosekana kwenye foleni siku mbili, lazima mmoja aulize, "Yule mrefu wa Sheria yuko wapi?" Mnakwenda kugonga mlango. Mara mbili tulimkuta mtu ana malaria kali, amelala tu. Uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya tisini, kila mtu akawa na sufuria lake. Sisemi ulikuwa uamuzi mbaya, wanafunzi mmekuwa wengi mno kulishwa bure. Nasema foleni ilipokwisha, ile kazi ya kuhesabiana haikuachiwa mtu.

Sasa jibu lako. Juisi ulishapika, viti ulishapanga, maikrofoni iko tayari. Mgeni alipofika alikuwa na kazi gani? Kutazamwa. Bodaboda je? Umewakuta wamekaa kwao, wewe ndiye mgeni, na mlikuwa mnagawana vikombe. Nakushauri siku nyingine usimalize kupika kabla watu hawajafika.

Shangazi_wa_Sinza

Shikamoo Mzee wa Foleni. Umesema vizuri ila kuna kitu wanaume hamkioni hata kikiwa mbele ya pua.

Mwana_Kyela, mdogo wangu, nisome taratibu. Wanaume watano, mwaka wa pili, wanawaalika mabinti wa mwaka wa kwanza, Ijumaa, saa 12 jioni, juisi ya bure. Unajua sisi tunaisomaje hiyo? Tunaisoma FISI. Mimi nilipofika chuo, dada wa chumba jirani alinipa semina fupi ukumbini kabla sijafungua begi: ukiona "juisi ya bure, mje tufahamiane", geuza. Kwa hiyo hao 140 walioweka dole gumba, nusu yao ni mabinti walioweka ili wasionekane wana maringo, na hawakuwa na mpango wa kutia mguu.

Halafu hiyo saa. Binti anayekaa hosteli za Mabibo au aliyepanga Ubungo Kibangu, mkimaliza saa mbili usiku anarudije? Kwa bodaboda, gizani, peke yake, mji hajaujua? Dada wa Simiyu hakuondoka kwa sababu ya aibu tu, pengine alikuwa anaangalia jua linavyozama.

Fanyeni mchana. Mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kuona kinachoendelea akiwa mbali, akaamua kupita au kuja. Tafuteni mabinti wawili watatu wawe wenyeji kweli, siyo wa kupakua chakula. Na ile karatasi ya "andika jina na namba ya simu", kama mlikuwa nayo, ichaneni.

Mwana_Kyela

Dada Shangazi, tulikuwa nayo. Nimeichana sasa hivi.

Na nimewasomea wenzangu ulichoandika kwa sauti. MC wetu amekaa kimya dakika nzima, kitu ambacho sijawahi kukishuhudia. Wala hatukuwa na nia hiyo, lakini nimeelewa kwamba nia haiandikwi kwenye tangazo. Nilimwuliza dada mmoja wa darasani kwetu kwa nini hakuja. Amecheka mpaka akakaa chini. "We Kyela, mlitutangazia kama mnafungua baa."

Kahawa_Chungu

Salaam kutoka Tunguu. Mimi nasomea SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na tabu hiyo kwetu ipo pia, hasa kwa wageni kutoka bara na Pemba wanaopanga vyumba. Lakini tuna silaha moja nyinyi hamna: baraza.

Angalia baraza lilivyo. Halina tangazo. Halina mwenyekiti. Pahala ni palepale, wakati ni uleule, baada ya alasiri hadi maghribi, watu wanacheza dhumna au keram, muuza kahawa anapita na dele lake. Mgeni anakuja, anatoa salamu, anakaa pembeni. Hakuna anayemwambia asimame ajitambulishe, mungu wangu! Anaweza kuja wiki nzima asiseme neno ila kuangalia dhumna. Siku ya nane mchezaji mmoja kaondoka, wanamwambia, "Wee, shika." Ndio keshaingia.

Kwa hiyo kosa lenu moja ni kufanya shughuli. Shughuli mtu anajiuliza, nivae nini, nitamjua nani, nikichelewa itakuwaje. Baraza mtu hapitwi, asipokuja leo kesho lipo. Wekeni kitu kidogo kisichokoma. Na katikati kiwepo kitu cha kuangalia ili macho yapate pa kukimbilia: keram, bao, moto, chungu. Watu wasiojuana hawawezi kutazamana nyuso kwa nyuso saa mbili, hilo ni baina ya mahakimu na watuhumiwa.

Kichwa_Ngumu

Sasa hapa Kahawa kasema. Ila mimi bado nasema huu upweke ni mambo ya kuiga Wazungu. Mwafrika anakuwaje mpweke na Dar ilivyojaa watu?

Nesi_wa_Zamu

Kichwa Ngumu, nimekuwa nasoma kimya, umenitoa chakani.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu mahusiano ya watu. Inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na vijana wamo mstari wa mbele. Na hapa ndipo uniskie: katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24, kwenye nchi tajiri ni kama 11. Mara mbili. Hao Wazungu unaosema tunawaiga, nchi maskini zimewapita. Ripoti hiyo inahusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Daladala la Gongo la Mboto limejaa pia, lakini ukizirai humo nani anajua umpigie nani?

Mwana_Kyela, nataka nikupe mfano wa Harare. Daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyeshindwa kufika hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Mwaka 2006, kitongoji cha Mbare, akaanza na bibi 14 waliokuwa wanajitolea kwenye afya ya jamii, wasiokuwa na shahada ya chochote. Akawafundisha kusikiliza, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa kama lina upupu. Bibi ndio waliomshauri abadilishe, likawa benchi la urafiki. Na hata kwa kuuliza hawatumii maneno ya kitabuni. Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema tu "una mawazo". Leo mpango huo umevuka hadi nchi nyingine, na Zanzibar umefika, Kahawa Chungu anaweza kuuliza huko kwao.

Sehemu niipendayo ni hii. Mtu akishamaliza vikao vyake na bibi, anakaribishwa kwenye kikundi cha waliopita benchi hilohilo. Wanafuma mikoba kwa plastiki zilizotumika. Mikono inafuma, mdomo unafunguka wenyewe. Mzee wa Foleni na jembe lake, Kahawa na dhumna yake, wote mnasema kitu hicho.

Lakini nikuonye. Mkiwa mnajitolea, mtakuja kukutana na mtu ambaye hana upweke tu. Hapati usingizi, hali chakula, anagawa vitu vyake, au anakuambia bora asingekuwepo. Hapo usiwe shujaa. Usimwahidi kwamba utaficha. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, swali hilo halimpandikizii wazo, na usimwache peke yake. Mshike mkono umpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, ukae naye mpaka apokelewe. Kubalianeni tangu leo nani kati yenu atapigiwa simu usiku, na huyo akichoka nani anampokea. Wanaojitolea wengi niliowaona wanaanguka mwezi wa tatu, kwa sababu walibeba siri za watu kumi na wao hawana wa kumwambia hata moja.

Baharia_Baridi

Niko Uingereza kwa masomo, mwaka wa pili. Huku kuna huduma inaitwa Nightline, ilianzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1970. Wanafunzi wanajitolea kushika simu usiku kucha, mwanafunzi mwenzao apige aongee, jina halitakiwi. Nilipiga mara moja mwezi wa Februari, giza linaanza saa kumi na moja jioni, nikaongea nusu saa kuhusu pilau. Aliyepokea hakujua pilau ni nini lakini alisikiliza mpaka mwisho kwenye iliki.

Kwa hiyo si lazima kila kitu kiwe cha ana kwa ana. Lakini simu inakuvusha usiku tu, haikupi rafiki. Rafiki anataka saa. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alikadiria kwamba watu waliojuana tu wanahitaji kama saa 50 wakiwa pamoja ndipo waanze kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia rafiki wa karibu. Hafla yenu ilikuwa ya saa mbili. Piga hesabu, muikodi ile spika mara 25.

Mwana_Kyela

Elfu arobaini mara 25 ni milioni moja. Mkuu Baharia, umetufilisi.

Niwashukuru wote. Nimekaa na wenzangu leo. MC bado anaitetea maikrofoni yake lakini amezidiwa kura. Nitarudi kuwaambia tulichofanya.

Mkimya_wa_Kozi

Sijawahi kuchangia humu. Mimi ni mwaka wa tatu chuo kingine hapa Dar. Nataka kusema tu kuhusu yule jirani anayekohoa.

Nilikuwa yeye. Walinijia watu wa dini mara tatu, watu wazuri, na kweli wengi nawajua walipona upweke kule kwenye vikundi vya wanafunzi Wakristo na Waislamu: TMCS, USCF, CASFETA, MSAUD, mtu akiingia kwaya au darsa wiki ya pili tayari ana kaka na dada. Mimi haikunikaa. Kila aliyegonga mlango alikuja kunipa kitu: karatasi, mwaliko, maombi. Nilishukuru, nikafunga.

Aliyenipata ni kijana wa chumba cha nyuma aliyekuja kuniazima pasi. Akaja tena kesho yake. Siku ya tatu akasema pasi yangu inachoma kola, akaifungua kwa bisibisi sakafuni kwangu, tukakaa tunaitazama ilivyo ndani. Yeye ndiye aliyekuwa ananihitaji mimi. Usimpelekee juisi huyo jirani. Kamwombe kitu.

Mwana_Kyela

Wakuu, nimerudi. Wiki saba zimepita.

Nianze na jirani. Siku ileile niliposoma ujumbe wa Mkimya nilienda kugonga, nikiwa nimejiandaa kuazima mwiko ilhali nina miwiko miwili. Akafungua nusu. Akanipa mwiko, akafunga. Kesho yake nikarudisha. Nikajiona mjinga. Jumamosi nilikuwa nahitaji kweli mtu wa kunishikia upande wa pili wa sufuria, wenzangu wamechelewa, nikamgongea bila hata kufikiri: "Kaka, nishikie hapa, linamwagika." Akatoka na ndala mguu mmoja. Anatoka Kasulu. Ameishi Changanyikeni miezi miwili na hajui kama nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe.

Sufuria ni hivi. Ile elfu hamsini na tatu hatukununua juisi wala kukodi spika. Tulinunua sufuria kubwa la mtumba, mwiko mrefu na mbuzi ya kukunia nazi. Mama mwenye nyumba alituruhusu tutumie uwanja chini ya mwembe kila Jumamosi kuanzia saa tano asubuhi, kwa sharti tufagie na tumwachie sahani yake. Kila anayekuja anatoa elfu moja na mia tano, au anakuja na kitu: vitunguu, nyanya, mkaa. Hatupiki kabla watu hawajafika, Mzee wa Foleni. Ukifika unakuta mchele haujachambuliwa, nazi haijakunwa, moto unafuka moshi. Unaulizwa, "Unaweza kukuna nazi?" Basi. Jina lako litajulikana wakati mtu anakuita ulete maji.

Wenyeji sasa tuko wanane, wanne ni mabinti, na tangazo wanaandika wao. Halina neno "tufahamiane". Linasema: Jumamosi tunapika chini ya mwembe, tunahitaji watu wa kumenya. Chini kuna ramani ya mahali na saa ya kumaliza, saa nane mchana, na anayerudi Mabibo au Ubungo anaondoka na wenzake.

Namba zenyewe, msije mkadhani ni muujiza. Jumamosi ya kwanza walikuja 9. Ya pili 14. Ya tatu mvua, tukala wanne chini ya kibaraza cha mama mwenye nyumba na ndiyo siku niliyocheka kuliko zote. Ya nne 12. Ya tano majaribio, 7. Ya sita 17, wali haukutosha, ikabidi tukaombe ugali kwa yule mama wa Tukuyu. Alikuja kuuleta mwenyewe akasimama anatukosoa tunavyounga maharage. Jana walikuwa 13.

Si wote wanabaki. Kuna kijana alikuja mara moja, akala, akasema asante, sijamwona tena. Mwenzetu mmoja wa mwanzo amejitoa, alisema hakujiunga ili awe mpishi, na sina la kumlaumu. Na wiki ya nne binti mmoja alibaki nyuma akiosha sufuria, akamwambia dada mwenzake mambo ambayo hayakuwa ya kuoshea sufuria. Nesi wa Zamu, tulifanya ulivyosema. Walikwenda wawili naye, wakakaa naye kwenye benchi la nje mpaka akaitwa. Zaidi ya hapo si yangu kusimulia. Kila Jumatano jioni sisi wenyeji tunakaa wenyewe, bila wageni, kila mmoja anasema amechoka na nini. MC ndiye anayeongoza kikao hicho, bila maikrofoni, na anakiweza.

Dada wa Simiyu hakuja hata mara moja. Nilimwona wiki iliyopita karibu na maktaba yuko na watu wa kwaya, anaongea mpaka anatumia mikono miwili. Sikumsimamisha.

Yule wa Kasulu ndiye mtu wa moto sasa. Amefika kabla yangu Jumamosi tatu mfululizo, na juzi alinigongea yeye: "Yule mfupi wa Takwimu hajaja mara mbili. Unajua anapokaa?" Sikuwa najua. Yeye alikuwa anajua.

Kichwa Ngumu, umeniuliza faragha kama ni lazima uwe mwanafunzi wa Mlimani. Si lazima. Lete mkaa.

Jumamosi hii ni zamu ya ndizi za nazi, kiroba kimefika jana kutoka nyumbani. Shida ni kwamba mbuzi yetu imevunjika mguu, mtu wa kilo tisini aliikalia. Mwenye mbuzi ya kuazima anayekaa Changanyikeni au Survey, naomba anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa. Nitaifuata mwenyewe.